Mikono Ile Si ya Mwanangu

Jumatano, Mamboleo. Mvua ilianza kabla hatujanywa chai, na mpaka sasa, saa kumi na moja jioni, haijaamua kama inaisha au inapumzika tu. Nguo za juzi bado ni mbichi, zimejaa kwenye viti vyote, kwa hiyo naandika nikiwa nimeketi sakafuni.

Mnaonifuata hapa mmezoea kupata mchezo kila Jumatano. Boksi moja, gundi ya unga, vifuniko vya soda, na dakika ishirini za amani kwa mama aliyechoka. Leo hakuna mchezo. Leo nataka kusema jambo ambalo nimelificha kwenye blogu hii tangu niianzishe, na nikisita hata kidogo nitainuka nikapike na sitalisema tena.

Mikono mnayoiona kwenye picha zangu si ya mwanangu.

Ni ya Shiru, binti wa jirani. Mama Shiru anauza viatu mjini na hapendi kushinda sokoni na mtoto, basi huniachia mpaka jioni. Shiru ana miaka minne na kiherehere cha kutosha watu wazima watatu. Ukimwambia tutengeneze kofia ya katuni, ameshashika mkasi. Lile basi la boksi lenye magurudumu ya sahani za karatasi, ambalo mlilisifu sana, aliliendesha Shiru. Ule mto wa leso ya bluu, wenye matakia ya kochi kama mawe ya kukanyaga, aliuvuka Shiru. Mimi nilipiga picha kuanzia viwiko kwenda chini, kisha nikaandika: Leo nimevuka mto na Imani wangu.

Imani alikuwa pembeni ya kochi, akipanga vifuniko vya soda kwenye mstari.

Imani ndiye mwanangu. Mwezi ujao anatimiza miaka minne na hasemi. Alikuwa na maneno mawili, "maji" na "paka", halafu yakaondoka, moja baada ya jingine. Sikumbuki siku ya mwisho nilipoyasikia, kwa sababu sikujua ni ya mwisho, na hilo linaniuma kuliko mengine yote. Nikimwita, hageuki. Masikio hayana shida. Fungua pakiti ya biskuti jikoni polepole uone atakavyofika. Na wimbo wa ile katuni yake, ya chura anayejenga madaraja, ukianza tu kwenye runinga, anageuka hata kama alikuwa anasinzia.

Chura anamgeukia. Mimi hanigeukii.

Basi nikajiambia, kama anayesikilizwa katika nyumba hii ni chura, acha nimfuate chura. Blogu hii ilianzia hapo, si kwenye ubunifu wowote mnaonisifia. Nilitazama kila kipindi nikiwa na daftari, nikaandika kila anachofanya yule mnyama, nikakigeuza kuwa mchezo wa nyumbani. Unga wa ngano, chumvi, maji ya vuguvugu na rangi kidogo ya keki, unapata udongo wa kufinyanga madaraja. Boksi linakuwa basi la wajenzi. Niliamini kwamba mchezo mmoja kati ya hiyo yote utamfikia, nami nitakuwa nyuma yake.

Nilijifunza hata sauti. Siku moja nilijificha nyuma ya pazia nikaita "Imani" kwa sauti ya chura, ile ya puani. Akageuka! Akaja, akalifunua pazia, akautazama mdomo wangu kwa makini. Halafu akanipita, akaenda nyuma ya runinga kumtafuta chura mwenyewe. Siku ile niliwaandikia kwamba mchezo wa sauti una matokeo mazuri.

Kuna barua pia. Imani alipofika miaka mitatu, muuguzi aliyempima uzito aliniuliza maswali machache kwa upole, akaniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa mjini, kwa daktari anayeona watoto waliochelewa kuongea. Huwaona kila Alhamisi. Barua hiyo iko chini kabisa ndani ya sanduku langu la karatasi za rangi tangu mvua za masika. Kila nikitafuta karatasi ya kijani ya kumkata chura, naigusa, nairudisha. Baba Imani, anayefanya kazi Kericho na kuja nyumbani wikendi, husema hata yeye alichelewa kuongea. Nilimkubalia haraka mno. Niliogopa kwamba nikienda wataniambia ni nini, na wakishaniambia sitakuwa tena mama anayesubiri, nitakuwa mama anayejua.

Jana mama mmoja wa mtaa wa Obunga aliandika chini ya mchezo wa wiki iliyopita: "Wangu nikimwita haniangalii. Nimfanyie mchezo gani?"

Nililisoma swali hilo nikiwa nimesimama, nikalisoma tena nikiwa nimekaa. Kisha nikamjibu kwa uchangamfu wangu wa kwenye blogu: "Usijali mama, mjengee basi la boksi, atakuja mwenyewe!" Nikaongeza na vikaragosi viwili vya kucheka. Nilijichukia kabla hata sijaiweka simu chini.

Halafu leo asubuhi, katikati ya mvua, akaja mama mkwe wangu kutoka Kombewa, viatu mkononi na mfuko wa viazi vitamu kichwani.

Mimi humwita Mama. Yeye huniita Nyar Alego, binti wa Alego, kwa sababu huko ndiko nilikozaliwa, na jinsi anavyolitamka hunijulisha kama niko salama au nimekosa. Nilijua amekuja kwa nini. Imani alipozaliwa alilia wiki tatu bila kunyamaza. Kwetu Waluo, mtoto mchanga akilia hivyo, wazee huketi naye na kutaja majina ya marehemu wa ukoo, mmoja mmoja, na akinyamaza kwenye jina fulani, huyo ndiye anayetaka kuitwa kupitia kwake. Mama alitaka kufanya hivyo. Mimi nikakataa. Nilikuwa na diploma ya ualimu wa chekechea na kiburi cha kujaza wodi nzima. Nikasema hiyo ni gesi tumboni, na mtoto ataitwa Imani, basi.

Kilio kiliisha chenyewe, lakini Mama hakusahau. Tangu maneno ya Imani yapotee, yeye amekuwa na jibu lake: mtoto haitiki kwa sababu tunamwita jina la mtu mwingine.

"Nyar Alego," aliniambia hata kabla ya kujifuta maji, "mimi najua hii ni ya mtoto mchanga. Najua imechelewa. Lakini wacha tu nijaribu. Nikikosea, nimekosea kama nyanya yake."

Nilikuwa na hotuba tayari, ndefu, yenye maneno ya chuoni. Nikaimeza. Nikamwekea kiti, akakikataa, akaketi sakafuni karibu na basi la boksi. Imani alikuwa ndani yake na vifuniko vyake, ameupa mlango mgongo.

Mama akaanza na jina la kwanza. "Aloo." Akangoja. "Aloo, ni wewe?" Akangoja tena. "Rispa. Bi ka, Rispa, kuja hapa kwa nyanya." Alimsalimia kila marehemu kama mtu anayemjua, akimkumbusha jambo lake. Dorsila aliyekuwa na sauti kubwa kanisani. Rispa aliyependa omena, dagaa wa ziwani, kuliko nyama. Hakuharakisha hata mmoja. Ndani ya boksi nilisikia tu vifuniko vikigongana.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi, na lazima nikiri nilichokuwa nikifanya. Nilikuwa naomba. Mimi, mwenye diploma, nilikuwa naomba kwa kila jina. Geuka mwanangu, tafadhali, geuka kwa lolote. Uwe Aloo. Uwe Rispa, nitakupikia omena kila siku. Nitakwenda kubadilisha cheti cha kuzaliwa kesho asubuhi, na nitamwomba Mama msamaha kwa magoti, mbele ya ukoo mzima.

Majina yakaisha. Mama akakunja pindo la leso yake, akataja moja la mwisho kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Peres." Huyo alikuwa binti yake wa kwanza, aliyefariki akiwa msichana mdogo, na katika nyumba yao huwa hatajwi. "Peres, nyathina. Mtoto wangu."

Imani aliongeza kifuniko kimoja kwenye mstari.

Nilingoja Mama anigeuzie lawama. Alikuwa na haki nayo. Badala yake alijifuta uso kwa kiganja, akasema taratibu, "Basi. Hakuna mtu mwenye anamdai huyu mtoto. Jina yake ni hii tu ulimpea." Kisha akaniangalia. "Mimi nimemaliza yangu. Sasa ni ya daktari. Mpeleke. Uko na mahali ya kumpeleka?"

Nilikwenda kwenye sanduku, nikatoa karatasi za kijani, za njano, nikaitoa barua. Mama hakuisoma. Aliipapasa mikunjo yake, ile sehemu iliyochakaa kwa kuguswaguswa, na akajua kila kitu.

"Hii imekaa," alisema.

Nililia, wenzangu. Si kile kilio cha kwenye filamu, bali cha kamasi na kwikwi, mwiko bado mkononi. Nililia kwa sababu miezi yote hii nimekuwa nikimcheka mwanamke huyu kimoyomoyo, kumbe tulikuwa tunafanya kitu kimoja. Yeye alileta majina ya wafu, mimi nikaleta sauti ya chura, na sote tulitaka mtoto atugeukie bila kulazimika kuuliza kwa nini hageuki. Tofauti ni kwamba yeye alijaribu asubuhi moja, akaona, akaacha. Mimi nimemchelewesha mwanangu kwa miezi, nikapiga na picha.

Nilipoanza kutulia nikaona Mama ameinama kwenye boksi. Alichukua kifuniko kimoja, akakiweka mwishoni mwa mstari. Imani akakitoa, akakitupa. Mama akaangalia vizuri, akagundua vyote vimelala chali. Akaweka kingine, chali. Imani akakiacha.

Hakumtazama, msije mkafurahi bure. Alikiacha tu. Nami nimeishi na mstari ule karibu mwaka mzima na sikuwahi kuona kwamba vyote hulala chali, kwa sababu kila mara nilikuwa nikimwondoa hapo ili aje kwenye mchezo wangu.

Mama harudi Kombewa leo. Yuko jikoni anazilalamikia sufuria zangu. Baba Imani nimempigia simu na kumwambia kesho ni Alhamisi, akasema sawa. Mama Shiru nimemwambia pia kuhusu picha. Alijua siku zote. Alisema alikuwa akingoja nichoke.

Mama wa Obunga, jibu langu la jana nimelifuta. Sina mchezo wa kukupa. Usingoje kama nilivyongoja mimi. Mpeleke.

Picha ya leo ni hii moja. Mikono ni ya Imani. Ina kucha ndefu kwa sababu hapendi kukatwa, na haifanyi chochote nilichoiambia ifanye.

Ninaogopa kesho. Sijui kama nimechelewa sana, na hakuna mtu atakayenijibu hilo kwa namna ninayoitaka. Ninachokijua ni kidogo tu: tutakaa kwenye benchi, mimi, Mama na mtoto mwenye mfuko wa vifuniko. Muuguzi atatoka mlangoni na faili, ataita, "Imani." Hatageuka. Ataita mara ya pili, na watu wataanza kuangaliana.

Nitasimama mimi.