Chakula cha Mchana kwa Mayu Holo

Kabula mjukuu wangu,

Salamu zako kutoka Geita zimefika. Hapa Kishapu tupo, babu yako anakohoa kidogo, mvua imetukimbia. Mimi nimechoka tu, uchovu wa uzee.

Umeuliza kama mpango wa serikali wa kutunza wazee unatufaa. Matibabu bure tunapata kwa kadi ya wazee, nashukuru, ingawa dawa mara nyingi tunaambiwa zimeisha. Ila macho yangu sasa yamekuwa mekundu kwa moshi, nami namkumbuka Mayu Holo.

Alikuwa mjane, jirani yetu nilipoolewa hapa; sote tulimwita mayu, yaani mama. Macho yake yalikuwa hivihivi. Mtoto wa jirani alipofariki, watu wakasema macho mekundu ni ya uchawi, Mayu Holo ndiye mchawi, na vijana wakapanga kumfuata wamuue.

Mama mkwe wangu hakugombana na mtu. Alibeba ugali na mlenda, akaketi naye mlangoni pake mchana kweupe, akaniita, "Njoo ule." Nikanawa, nikamega tonge.

Vijana wakafika na mapanga. Mmoja akasema, "Mama, ondokeni hapo."

"Tunakula," akajibu mama mkwe. "Nawa mikono, baba, ukae."

Hakukaa. Walisimama, kisha wakaondoka mmojammoja.

Tuliendelea kula pale kila mchana, na majirani wengine wakaanza kuja. Kadi ya serikali haiwezi kufanya hivyo, mjukuu wangu.

Mayu Holo alikufa kwa uzee, usingizini. Yule aliyetuambia tuondoke ndiye aliyemchimbia kaburi.

Bibi yako anayekuombea.