Kumjibia Kibibi

Chumba cha mwisho,
Nyuma ya karakana ya mbao.
Jumamosi, juma la pili la muhula mpya.

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya pili, hiyo ni ya mjukuu wako Kibibi, ambaye saa hizi amelala chali kitandani na soksi za shule miguuni, amekataa katakata kuzivua. Goti lako linaendeleaje? Bado linakusumbua kukiwa na baridi, au ile dawa ya kuchua imelituliza? Na Baba mdogo, kikohozi kimemwachia? Mwambie apunguze ubishi, avae sweta. Sisi huku wazima. Tunakula, tunalala, tunaamka. Nikikuambia tumechangamka utajua naongopa, maana wewe ndiye uliyenilea, basi nasema tu hatujambo.

Ningekupigia, lakini wewe ukipokea simu unaanza na "haloo, haloo, nani?" mpaka salio linakwisha hatujasalimiana. Na haya ninayotaka kukueleza yanataka nafasi.

Baba Kibibi bado yuko kambini. Alituleta huku kwa ajili ya kazi yake ya barabara, na tulipomaliza tu kupanga vyombo, wakamhamishia mbele. Barabara inakwenda, naye anakwenda nayo. Anapiga simu jioni akipanda kilimani kutafuta mtandao, anauliza kama tumekula, halafu upepo unasikika kuliko yeye. Simlaumu. Ila hapa sina mtu, Mama mdogo. Majirani ni watu wema, wanaitikia salamu, lakini salamu ikiisha kila mtu na mlango wake. Aliyekuwa mwenzangu wa kutwa nzima ni Kibibi, na sasa Kibibi ameanza darasa la kwanza.

Sare nilimshonea mwenyewe. Pindo nimeliacha pana la kutosha kumfikisha darasa la tatu, na mkanda ukimzunguka kiunoni unarudi tena mbele kusalimia. Viatu ndivyo vinambana kidogo, hasemi, lakini naona anavyokunja vidole. Asubuhi ya kwanza nilijiandaa kwa kilio. Nilikuwa na leso mfukoni kwa ajili yake. Akaingia getini bila hata kugeuka, leso nikaitumia mimi.

Nikarudi chumbani, nikakaa kwenye cherehani. Unajua nikishona napenda kuongea, wewe mwenyewe ulikuwa ukiniita redio ya betri mpya. Nikashona gauni la mteja huku nikizungumza tu, mara nikanyoosha mkono nyuma nikasema, "Mkasi." Mkono ukabaki hewani. Huyu mtoto huwa ananipa mkasi kabla sijamaliza kuutaja, ananipa uzi, ananipa chaki, yote kimyakimya. Nikainuka, nikauchukua mkasi mwenyewe pale kwenye kiti chake kidogo, na gauni la watu nikalikata vibaya begani. Nimeliwekea kiraka cha maua, mteja kadhani ndiyo mtindo.

Sasa sikiliza kilichoniandikisha barua. Jumanne ya juma hili mwalimu wake aliniita. Ni mama wa makamo, mpole, ana sauti ya kukwaruzakwaruza kwa ajili ya vumbi la chaki. Kibibi alikuwa amesimama kando yangu, ameshika sketi yangu. Mwalimu akainama akamwuliza jina lake, nikalitaja. Akamwuliza ana miaka mingapi, nikajibu anakaribia saba. Akamwuliza kama amekunywa chai, nikasema amekunywa, tena na mkate, ila ganda la mkate halipendi.

Mwalimu akanyooka akaniangalia. "Mama Kibibi, na wewe nikuandikishe?"

Nikacheka, nikamwambia sare nitajishonea. Naye akacheka, kisha akaacha kucheka. Akanieleza kwamba tangu muhula ufunguliwe, Kibibi hajatamka neno hata moja darasani. Akiulizwa anaangalia dawati. Tena yule binti anayekaa naye, mtoto wa muuza mkaa, mwenye mapengo mbele, ameshaanza kumsemea. Anasimama yeye: "Mwalimu, anataka kwenda chooni." "Mwalimu, anasema penseli yake imevunjika." Mwalimu amewatenganisha, mmoja kaenda mbele, mwingine nyuma, lakini bado mwenye mapengo anapaza sauti kutoka huko nyuma.

Ndipo akaniambia lenyewe. Siku ya Ijumaa kila mtoto angesimama mbele ya wenzake na kitu alichotoka nacho nyumbani, akieleze. Kibibi asiposema chochote siku hiyo, atamshusha chekechea mpaka mwakani. Hakusema kwa ukali. Alisema darasa lina watoto wengi, na mtoto asiyesema atafundishwa vipi kusoma, atajulikana vipi kama ameelewa? Halafu akanishika bega akasema nyumbani niache kumjibia. Akitaka kitu, nisubiri akiombe.

Mama mdogo, unajua mimi shule niliiacha nikiwa bado nasoma kwa kufuata mstari kwa kidole. Hata barua hii naiandika polepole, nikikosea ninafuta. Nilikuwa nimejiapia huyu asije akarudi nyuma hata hatua moja. Kumbe anayemvuta nyuma ni mimi, na mdomo wangu. Nimekaa naye peke yetu muda wote huu, hana wa kuzungumza naye ila mimi, nami sikumwachia hata upenyo. Akiangalia jagi, maji nimeshamimina. Akikunja uso, nimeshauliza tumbo na nimeshajibu ni tumbo.

Jioni ile nikaanza. Ili nisijisahau nikabana pini midomoni, kama ninavyofanya nikiwa napinda pindo. Nikashona. Kibibi akaja, akaangalia jagi. Nikashona. Akanigusa goti, akaangalia jagi tena, kisha mimi. Haki ya Mungu nilitaka kuzitema zile pini zote. Akasubiri, akasubiri, halafu akavuta kiti, akapanda, akajimiminia mwenyewe, akanywa, akarudisha kikombe mahali pake. Basi nikajiona sina kazi zote mbili, si ya maneno wala ya mikono.

Chumba kilikuwa kimya mpaka nikasikia wale mafundi wa mbao wakifunga mlango wao na kuagana. Wanaagana kwa matusi ya kirafiki, wewe ungewakemea. Nikawaonea wivu.

Kesho yake vivyo hivyo. Tulikula bila neno. Mimi nilikuwa karibu kulia, si kwa ajili yake tu. Nilikuwa nimeona jinsi chumba hiki kilivyo nikinyamaza. Nikakaa tena kwenye cherehani, pini midomoni. Kibibi akasimama mbele yangu, akainamisha shingo kunichungulia usoni.

"Mama, unaumwa jino?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi mbona husemi? Umenuna?"

Nikazitoa pini. Nikamwambia sijanuna, nimechoka tu kusema, nataka kusikiliza. Akafikiri. Halafu akaketi kwenye kiti chake akaanza, ungedhani bomba limefunguliwa. Akaniambia kuna mtoto anakula kifutio, kidogokidogo, na sasa amefikia cha jirani. Akaniambia chaki ya mwalimu ikivunjika mwalimu anasema "Pole" kwa chaki. Akaniambia yule mwenye mapengo ana dada wawili, na jino lake alilitupa juu ya paa likarudi likampiga. Mimi nashona mstari unakwenda kombo, naendelea tu. Nilijua ana sauti, lakini sikujua ana mambo yote hayo. Na sauti yenyewe ni nzito kidogo, ya kuburuza, kama ya upande wa baba yake. Sikuwa nimeisikia vizuri kwa sababu yangu ilikuwa juu yake siku zote.

Nikamwuliza, na kule shuleni mbona hayasemi haya? Akainua mabega. "Watu wengi. Na wewe hupo."

Nikamkumbatia. Lakini moyo ulinishuka, maana kumbe tatizo halijaisha, limehamia kwangu.

Ijumaa akachagua mwenyewe cha kwenda nacho. Kwenye kopo langu la vifungo alichukua kile kikubwa cha koti, cha rangi ya kahawia, akakifumbata mpaka shuleni. Nilitaka kumfundisha njiani: sema hiki ni kifungo, sema mama yangu ni fundi. Nikajiuma ulimi. Mlinzi wa geti akaniruhusu nipitie kwa nyuma, kwenye dirisha la darasa lao lenye waya. Nikasimama pale kama mwizi wa nguo kambani.

Wakasimama watoto wa kwanza. Mmoja alileta kijiko, akasema, "Hiki ni kijiko," akarudi kukaa, akapigiwa makofi. Mwenye mapengo alileta kipande cha mkaa, akajipaka, wote wakacheka. Kisha mwalimu akataja jina la Kibibi, lile la shuleni, nikashtuka kama nimeitwa mimi.

Akatoka mbele. Mkanda umemzunguka, soksi moja imeshuka. Akafungua kiganja, akakitazama kifungo. Darasa likangoja. Akatazama dawati la mwalimu, akatazama sakafu, halafu akainua uso akaniona dirishani. Mama mdogo, yale macho yalikuwa yananiambia: haya, sema.

Na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Neno lilikuwa kwenye ulimi, nisingelisema kwa sauti kubwa, ningelisema tu kwa midomo, angelisoma, angelirudia, ingekuwa imekwisha. Mwalimu asingejua. Nikamwona anasubiri midomo yangu kama anavyosubiri nizikate nyuzi. Nikajitoa dirishani.

Sijui nilifikaje getini. Mlinzi akaniangalia. "Vipi, Mama? Wamekufukuza darasani?"

"Nimejifukuza mwenyewe."

Akasogeza ndoo yake nikae. Hakuniuliza zaidi, Mungu ambariki. Kutoka pale husikii maneno, unasikia mvumo tu. Kukawa kimya muda mrefu, kisha yakapigwa makofi, lakini makofi walikuwa wanampigia kila mtu, hata wa kijiko. Yakapigwa tena. Na tena. Sikuweza kujua yapi ni ya nani. Nilikaa pale na leso yangu nikiikunja na kuikunjua.

Kengele ilipolia wakamwagika nje wote. Mwalimu akaja nyuma yao akiwa na mavumbi mpaka kwenye nyusi. Akanipungia kutoka mbali, akasema, "Huyu anabaki kwangu!" Nikamkimbilia nikamwuliza alisemaje, alianzaje, alisema maneno mangapi. Akanicheka. "Mwulize mwenyewe, Mama Kibibi. Mdomo anao."

Nikamwuliza njiani. Alikuwa amemshika mkono yule mwenye mapengo, wanapiga teke jiwe, mimi nimebeba mabegi yote mawili. Akasema, "Nimeshawaambia wenzangu," wakakimbilia jiwe lao.

Basi ndiyo hivyo. Watoto wote wa darasa lile wamemsikia, hata mla vifutio amemsikia. Mimi sikumsikia. Jana jioni nilimwuliza tena kwa upole, akasema amesahau. Nimefurahi, usidhani sikufurahi, nilipika na kuimba. Lakini alipolala nilikaa nikafikiri kwamba hayo ndiyo maneno yake ya kwanza nisiyokuwa nayo, na kwamba yatakuja mengi. Jumatatu ataingia tena getini bila kugeuka. Nimeamua kumsalimia jirani wa chumba cha tatu na safari hii nisiishie kwenye salamu. Ana cherehani mbovu, nimeisikia inavyolia.

Nisalimie Baba mdogo, na wale mapacha wako wakorofi, na Mjomba Kofia, mwambie ile suruali yake sijaisahau. Shangazi naye mpe salamu zangu nyingi, aniombee. Mungu akutunze mpaka tuonane, akulainishie hilo goti, na asikupunguzie sauti ya kunikemea.

Jambo moja nakuomba, Mama mdogo. Ukijibu, usiniandikie mimi. Mwandikie Kibibi, maneno makubwamakubwa, machache. Mwulize unachotaka, mwulize hata juu ya kifungo. Nitamsomea yale yatakayomshinda, kisha nitampa karatasi na kutoka nje mpaka amalize.

Ni mimi mwanao wa kulea, ninayekupenda na kukukumbuka kila siku,

Mama Kibibi