Florini na Baba Yako

Fadhila mpenzi,

Hapana, sijaacha ufundi simu nikaanza kupika plastiki! Aliyekwambia hivyo kachanganya mambo. Nilikuwa natengeneza simu ya mwalimu Mutalemwa, wa kemia, ile ya kukunja. Nikamuuliza, "Mwalimu, mbona kioo kinakunjwa kama chapati na hakivunjiki?"

Akasema hiyo ni plastiki, poliimidi. Wanachanganya unga wa aina mbili, unakuwa mzito kama uji, wanautandaza na kuuoka. Inavumilia moto, ila inatoka ya njano. Unga ukiwa na florini ndani yake, inatoka safi kama maji.

"Florini ndiyo nini?"

"Gesi kali, Lukman. Ikiwa peke yake inatafuna mpaka chuma. Ikishaungana na wenzake, inatulia."

Nikacheka mpaka bisibisi ikaanguka. Si ndiyo mimi huyo! Baba yako anasema mimi muhuni, sitatulia, heri uolewe na yule mfanyabiashara wa dagaa.

Basi tufanye hivi. Jumamosi navuka ziwa kuja kwenu Nansio. Wewe mwombe mzee anikaribishe chai tu. Nikimkera, olewa na wa dagaa, na masufuria ya pilau nitabeba mimi. Akicheka hata mara moja, naleta mshenga. Umekubali?

Wako, bado niko peke yangu,
Lukman