Jina Lako Kwenye Mkutano wa Februari

Mikwajuni, njia ya Mkange,
Wilaya ya Bagamoyo.
Jumapili, 9 Julai 2023.

Mpendwa mdogo wangu Cosmas,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba kwa shikamoo zako zote za kwenye simu, na zile ulizosahau nimekusamehe. Hujambo wewe? Mama Linda hajambo? Na Linda, kile kikohozi kimemwacha, au baridi ya Sumbawanga bado inamtesa? Mvalisheni soksi hata mchana, msione haya. Mtoto wa pwani ni wa pwani hata akizaliwa mlimani.

Sisi huku wazima. Goti langu linauma nikipanda tu, nikishuka halina neno. Ufuta umekubali mwaka huu, nimepata magunia saba. Kaburi la baba lilikuwa limeota nyasi, nimelifyeka Alhamisi.

Barua hii nimeianza mara tatu. Mara ya kwanza niliinuka kutazama maharage, nikayakuta yameungua. Mara ya pili nilikwenda kushona kidogo ili moyo utulie, nikavunja sindano ya cherehani. Sasa nimefunga mlango, anayebisha atangoja. Kwa simu nilikueleza nusu, ukaniambia mtandao unakatika. Cosmas, nimekulea. Nilisikia kabisa kwamba haukatiki.

Basi soma taratibu. Nilipopeleka ufuta ghalani walinikata shilingi elfu mbili kwa kila gunia, juu ya ushuru wa kawaida. Mina, yule binti wa mashine ya risiti, akasema ni mchango wa kumalizia zahanati, umepitishwa na mkutano mkuu wa kijiji wa tarehe 14 Februari. Mkutano upi? Mimi sikutoka kijijini Februari nzima. Nikaomba muhtasari, wakanizungusha siku nne wakidhani nitachoka, ya tano wakanipa niuone. Nimeambatisha nakala, nimeitoa Chalinze.

Itazame hiyo orodha ya waliohudhuria. Jina la tatu ni lako. Sahihi ni yako, ile unayoimalizia kwa mkia mrefu. Wewe Februari ulikuwa wapi, kama si huko Sumbawanga ukichanja ng'ombe wa watu?

Usihangaike kukumbuka. Hayo ni makaratasi ya msiba wa baba. Ni kile kitabu cha maombolezo cha Novemba tulichokiweka juu ya meza mlangoni, kila anayeingia akaandika jina, sahihi na neno la faraja. Wamechana kurasa zake, wakaikata kwa mkasi safu ya maneno ya faraja, juu wakaandika "Mahudhurio". Doa la kikombe changu cha chai lipo palepale. Na jirani yetu Mwinshehe, unaujua mwandiko wake, herufi moja inajaza mstari, neno lake lilianzia kwenye safu ya sahihi na mkasi haukulifikia. Kwenye mkutano wa kupandisha michango, karibu na sahihi ya Mwinshehe, imeandikwa "Poleni". Nilicheka peke yangu pale ofisini mpaka machozi yakatoka, halafu nikaona kwamba sicheki tena.

Kitabu nilikitoa mimi, kwa mkono wangu. Baada ya arobaini shemeji yetu Simon alikuja akasema anakitaka ili awashukuru watu kwa majina. Nikaona huyu ndiye mwenyekiti wa kijiji na ndiye mume wa Gertruda wetu, nani mwingine wa kutushukuria watu? Nikakifunga kwenye kanga safi nikampa.

Nilimfuata nyumbani kwake. Hakukana hata. Alisema, "Shemeji, wakubwa wanataka karatasi, na watu mkutanoni hawaji. Si watu wetu haohao?" Akanikaribisha uji. Cosmas, niliunywa ule uji, ndilo linaloniudhi hadi leo. Ndiye Simon yuleyule aliyemkodia baba gari usiku ule wa ugonjwa bila kutuomba senti. Najaribu kumchukia na siwezi, najaribu kumwacha na siwezi.

Unaniambia mambo ya serikali ni mazito, niachane nayo. Serikali ipi? Mimi ninayemwona ni Simon, aliyefunga ndoa akala pilau kwenye sahani zangu, na mbili hazijarudi mpaka leo. Tunaipandisha serikali juu mno, halafu tunalalamika kwamba haituoni.

Na wala sikatai kodi. Baba alikuwa mwalimu, mshahara wake ulitoka kwenye kodi za watu, ndio uliotununulia madaftari. Nikatwe, ila nisomewe. Mapato na matumizi ya kijiji hayajasomwa tangu masika ya mwaka juzi. Zahanati ni ile uliyoiona, kuta zimefika kwenye linta na mbuzi wanalala ndani, juu ya nusu eka ambayo baba aliitoa bure. Mwezi wa tano Hajra, mke wa Mwinshehe, alijifungulia kando ya njia akipelekwa Mkange kwa bodaboda. Mtoto yupo, ananyonya vizuri, lakini je, angekuwa hayupo? Na huku mnunuzi mmoja wa Chalinze lori lake hutoka limejaa, risiti ikasema magunia kumi. Mwenye magunia saba anakatwa kwa yote saba. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, lakini wetu sisi si mtupu na bado unaumwa.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka jana magunia yangu manne yalipita bila ushuru. Simon alimwambia Mina, "Huyo wa nyumbani," nikapita nimeinua kichwa, na nyuma yangu Mzee Bwanausi akalipia yake mawili. Nilinyamaza, nikaona ndiyo faida ya kuwa na shemeji. Juzi nilikwenda kuulipa ule ushuru, Mina akacheka, akasema mashine haijui mwaka jana. Basi nitalisema mwenyewe mbele ya watu kabla Simon hajanisemea. Nina aibu, lakini aibu hii ni yangu, naweza kuibeba.

Mkutano upo, Jumamosi tarehe 29 mwezi huu, wa kweli safari hii. Tumeandika malalamiko tukiwa watu kumi na mmoja, na wilayani wameahidi kumtuma mtu asikilize. Tatizo ni hili. Mimi nikisema sikuhudhuria Februari, wataniuliza, ulikuwa wapi? Nyumbani. Shahidi nani? Kuku. Mwinshehe hivyohivyo, Bwanausi hivyohivyo. Waliotoka mbali kuja msibani ni wageni wachache, na kati yao ni wewe peke yako unayesaini daftari la kazini kila asubuhi. Tarehe 14 Februari ilikuwa Jumanne. Ninachokuomba ni nakala ya ukurasa wa siku ile, na barua yako ya mistari mitatu kwamba hukuwepo. Mpe kondakta wa basi la Dar, aishushe Chalinze, nitaifuata mwenyewe na goti langu.

Najua unachoogopa. Wewe ni mtumishi wa umma, umebakiza miaka sita, na hutaki jina lako lizunguke kwenye mafaili ya watu. Sikukebehi kwa hilo. Lakini jina lako limeshaanza kuzunguka, mdogo wangu, na waliolizungusha hawakukuomba.

Nilikuwa nimefika hapo, nikitaka kufunga barua, mlango ukabishwa. Nilimwacha abishe. Akabisha tena kwa namna ile ya kwetu, ya vidole viwili, nikajua ni Gertruda. Hakukaa. Alitoa kitabu cha maombolezo ndani ya kanga yangu ileile, akakiweka juu ya meza ya cherehani, akasema, "Cha baba kisikae kwangu." Macho yalikuwa mekundu. Nilimuuliza kama Simon anajua, akaniambia nikusalimie, akaenda zake. Nimekifungua. Mizizi ya kurasa zilizochanwa ipo, na nimeiweka nakala karibu nayo, michaniko inakutana.

Kwa hiyo Gertruda, anayelala nyumba moja na mwenyekiti, ameshafanya lake. Sijui leo atapikaje chakula cha mumewe. Mimi nitalisema langu. Bado wewe. Tarehe 29 yatasomwa majina, na likifika la tatu watu wote watanitazama mimi. Kama sina karatasi yako mkononi sitakuwa na la kuwajibu, Cosmas, kwa sababu hapo utakuwa umehudhuria kweli.

Shangazi Sihaba anakusalimu, anauliza lini utamletea ule mchele. Mwinshehe na Hajra wanakusalimu, na Bwanausi pia. Nisalimie mama Linda sana, na Linda mbusu kwenye paji la uso, mwambie ni kutoka kwa shangazi yake mwenye cherehani. Mungu awafunike huko kwenye baridi, na akupe moyo ule aliokuwa nao baba darasani, mfupi wa maneno na usioogopa kunyanyua mkono.

Dada yako akupendaye, hata mtandao ukikatika,
Clara