Mama Haitwi Inasemekana

Same, 9 Machi 1951

Mdogo wangu Ruthi,

"Tangu lini mimi naitwa Inasemekana?" Hayo kasema mama jana, nilipopanda mlimani Bombo kumsomea insha yako ya chuo kuhusu ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Alicheka, kisha akageukia ukutani.

Uliandika: "Inasemekana maji ni ya wote." Yeye alikuambia, nami nilikuwepo: "Maji ni ya zamu, si ya nguvu." Mtambulishe kwanza, kama tunavyomtambulisha mgeni mlangoni: Eliakunda binti Manase, mkulima wa Bombo, mwenye zamu ndivani miaka thelathini. Kisha mwache aseme mwenyewe, ndani ya alama za kunukuu, bila kumrekebisha. Ndipo ueleze wewe.

Mahindi yamekubali. Uvimbe wa mama wa shingoni umekua; daktari amesema akipasuliwa huenda akaamka bila sauti. Mama hakuniuliza habari za kisu. Aliuliza, "Ruthi ataniandika jina?" Nikamjibu ndiyo.

Niletee ukurasa huo mmoja tu, ulioandikwa upya, nimsomee angali anaweza kukujibu. Tunapanda treni ya Moshi Jumatatu tarehe 19, anapasuliwa Jumatano.

Kakako akupendaye,
Sefania