Meno ya Ndinda

Kyalo, mwanaa mwaitu, mtoto wa mama yangu,

Leo Jumamosi sina kazi ya ziada. Mama watoto amewapeleka kwa mazoezi ya kwaya, mimi nimebaki na huyu mdogo amelala. Nimechukua kalamu. Usicheke mwandiko, unajua darasa la saba ndio nilifika, na tangu hapo mkono wangu umezoea makasi kuliko kalamu.

Nikupe kwanza habari za nyumbani. Mama yuko. Mguu unamsumbua lakini mdomo uko sawa kabisa. Kaburi lako tulijenga na mawe. Fundi alitaka kuweka matofali, nikamwambia, huyu alikuwa mchonga mawe, ukimwekea matofali atatoka akufundishe kazi. Mimi bado niko kiwanda cha nguo hapa EPZ ya Athi River, siku hizi niko meza ya kukata. Nilipata ploti upande wa Lukenya, nyumba ni ya mabati lakini ni yangu. Na tulipata kijana. Nilimpa jina lako. Akitaka chakula majirani wote wanajua, kwa hivyo hata nisingekuambia ungejua ni wa nani.

Binti yangu Mwende unamkumbuka akibebwa mgongoni. Sasa ni msichana wa shule. Wale wakubwa wake walikulia Mitaboni kwa mama mpaka meno ya ukubwa yakamaliza kutoka, lakini Mwende tulikuja naye huku akiwa mchanga, maji amekunywa ni ya kisima cha borehole tu. Alipopoteza meno ya utoto, hizi zingine zikaanza kumea. Kyalo, zilitoka na madoa. Kwanza kama chokaa, halafu zikageuka rangi ya majani ya chai.

Nilimpigia kelele. Nilisema ni uchafu, ni uvivu, ni peremende za dukani. Nikanunua mswaki mgumu, nikawa nasimama juu yake kila asubuhi akisugua na mkaa na chumvi mpaka ufizi unatoa damu. Alikuwa ananiambia, "Baba, haitoki." Namwambia sugua. "Baba, nimesugua." Sugua tena. Mama yake alitoka siku moja akaninyang'anya ule mswaki akautupa kwa paa. Akasema, "Wewe osha gari ukipata, wacha mtoto wangu."

Halafu Mwende akaanza kufunika mdomo na mkono akicheka. Siku niliona huo mkono, niliacha uji mezani. Kuna mtu mwingine nilikuwa nimeona akifanya hivyo, na wewe unamjua.

Ndinda wako. Yule wa Lukenya, alikuwa anawaletea chakula cha muthokoi pale kwari ya mawe, akibeba sufuria kwa kichwa kama hakuna kitu. Uliniambia, "Kaka, huyu akicheka, nyundo zote zinasimama." Nikakuuliza, na hayo meno? Ukaniambia, "Meno gani? Mimi naangalia mtu." Sikupenda hiyo jibu. Kwetu Mitaboni meno ni meupe, na tulikuwa tumekua tukisikia wazee wakisema mtu wa meno ya kahawia ametoka kwa ukoo wenye kitu. Kitu gani, hakuna aliyesema. Hiyo ndio ilitutisha zaidi.

Baba alikuwa ameshafariki, kwa hivyo mimi ndiye nilisimama mahali pake. Ulinunua mbuzi wa ntheo kwa jasho lako, wale wa kufungua mlango wa kuposa, na kwa vile kijana haendi mwenyewe, ukanipa nipeleke na marehemu mjomba. Uliwaosha hao mbuzi, Kyalo. Nilikucheka, nikakuuliza kama unawapeleka kupigwa picha.

Wacha niseme sasa.

Nilikuambia baba ya Ndinda alikataa. Nilikuambia alitaka mkwe wa ofisi, akasema hawezi kumpa mtu wa vumbi binti yake. Hiyo ilikuwa uongo. Yule mzee hakusema neno moja baya. Walitupokea vizuri sana. Walikuwa wamefagia uwanja mpaka nje ya boma. Wakatuita ndani, wakaleta chai, na wakaja kutusalimia mmoja mmoja: mama, dada zake, wale wadogo. Wote wakitabasamu. Na wote meno ni hiyo rangi. Mjomba akaniinamia akasema pole pole, "Hii iko kwa damu. Utajaza boma yenu na hii?" Mimi nikaona aibu ya soko, nikaona watu wa kanisa wakiangalia watoto wako. Nikaweka kikombe chini. Nikasema tumepita kusalimia tu. Kyalo, mbuzi walikuwa wamefungwa pale nje, kila mtu anawaona. Tukawafungua tukaondoka nao.

Ukaniuliza tu, "Walikataa kabisa?" Nikasema kabisa. Ukasema, "Sawa, mwanaa mwaitu." Ukahamia kwari nyingine usipite njia yake. Tukikutajia msichana mwingine unasema bado. Halafu ile mvua kubwa, homa ya mapafu, ukaenda. Mama mpaka leo anasema watu wa Lukenya ndio walikuvunja moyo. Mimi nakaa pale nikimsikia, natia sukari kwa chai.

Sasa sikia vile Mungu amenishika.

Mwaka huu alikuja kanisani kwetu msichana wa mambo ya maji, anasoma chuo, mdogo tu, amevaa viatu vya raba. Baada ya misa padre akatuomba tusitoke. Alikuwa na chupa mbili za maji, hata ukiangalia hujui gani ni gani. Akasema moja ni ya mvua na nyingine ni ya borehole, na hii ya borehole iko na madini inaitwa floraidi. Kidogo inasaidia jino. Nyingi, mtoto akikunywa wakati jino bado linajijenga ndani ya ufizi, jino linatoka limeharibika rangi. Mtu mzima meno yake yalishajengwa, kwa hivyo anaweza kukunywa hiyo maji na asione kitu kwa meno. Ndio maana, akasema, kwa nyumba moja unaweza kupata watoto wa baba mmoja na mama mmoja, huyu meno nyeupe, huyu kahawia. Si uchafu. Si ukoo. Ni mahali mtoto alikunywa maji.

Mwende alikuwa amekaa karibu na mimi. Hakuniangalia. Heri angeniangalia.

Nilisimama nikauliza, hii mambo mmejua lini? Akasema wataalamu wamejua zamani, iko kwa vitabu, sema ni njia za kusafisha ndio bado wanaendelea kutafuta mpya ambayo mtu wa kawaida anaweza kutumia nyumbani. Nikamwambia, "Dada, kama iko kwa vitabu zamani, mbona haikufika kwa mtungi wangu?" Watu wakacheka, lakini mimi sikuwa nafanya mzaha. Huyo msichana aliniheshimu. Alisema, "Mzee, hapo tumekosa." Alisema wakipata kitu wanaandikiana wao kwa wao, wanakutana hoteli kubwa, wanapigiana makofi, halafu kila mmoja anafikiri mwingine ndiye atashuka kuwaambia wenye maji. Tangu siku hiyo nampenda kama mtoto wangu.

Halafu akatoa ndoo. Ungekuwa hapo ungeanguka. Ndani ameweka mifupa ya ng'ombe imechomwa ikasagwa, ati maji ikipita hapo ile floraidi inashikwa. Kanisa lote likapiga kelele. Mama mmoja wa kwaya akasema, "Huyu ng'ombe nimekula nyama, nimekunywa supu, sasa ananifuata mpaka kwa maji?" Mwingine akauliza Ijumaa Kuu itakuwaje. Padre akakohoa sana. Msichana akakunywa gilasi nzima mbele yetu, akapanguza mdomo, akauliza nani anaogopa. Mimi nikaenda mbele nikakunywa. Ni maji, Kyalo. Haina ladha ya supu wala ya dhambi.

Nilimuuliza pembeni kama meno ya Mwende yatarudi nyeupe. Hakunidanganya. Alisema yaliyoharibika hayarudi, labda daktari wa meno ayafunike. Lakini huyu mdogo, wako wa jina, meno yake ya ukubwa bado yanajengwa. Huyo tunamwahi. Jumatatu hiyo nilitafuta mabati ya kukinga mvua. Saa hii niko na tangi, niko na ndoo ya mifupa, na nimekuwa mwalimu wa maji hapa mtaani mpaka kijana wa jirani ananiita daktari wa ndoo. Wacha aite. Dada ya mama watoto alipiga simu kutoka Mitaboni akilia, amesikia sokoni ati maji ya Athi River inang'oa watu meno usingizini. Nikamkalisha kwa simu, nikamweleza pole pole. Habari ya kweli ikichelewa, hiyo ingine inakuwa imeshafika na imepewa kiti.

Lakini nilijua kuna mlango mmoja sijabisha.

Nilienda kwa Ndinda. Alifungua hoteli yake karibu na kwari, mabati tatu na moshi. Aliolewa, bwana yake ni dereva wa lori, wako na watoto. Aliniangalia tu akasema, "Wewe si ndugu ya Kyalo? Umezeeka vibaya." Nikamwambia niko na neno. Akasema, "Kula kwanza. Mtu hawezi kusema neno mbaya na tumbo tupu."

Nilikula. Halafu nikamwomba msamaha, nikamwambia yote vile nimekuambia. Alikuwa anakata sukuma. Hakusimamisha kisu. Nilipofika kwa mbuzi, akasimamisha.

"Kwa hivyo yeye alijua nini?"

Nikasema, "Alijua baba yako alimkataa."

Alikaa chini. Akasema yeye miaka hiyo yote alijua ni wewe ulitutuma tumkague, tukakupelekea ripoti, ukasema hapana. Alisema siku hiyo alikuwa amesimama jikoni na rinda jipya ambalo alishonewa, anangoja aitwe. Aliona mbuzi wakienda. Hakulivaa tena, akampa dada yake.

Mimi nikaanza kueleza maji. Floraidi, ufizi, mtoto wa nyumba moja. Nilikuwa nimejipanga, nimebeba hiyo maneno kama mtu amebeba dawa. Alinisikiza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Na kama huyo msichana wa maji angesema ni damu? Ungekuja hapa?"

Nikamwambia, "Singekuja."

Akasema, "Basi umesema ukweli mmoja leo. Kunywa chai."

Baadaye akaita msichana wake kutoka nyuma. Naye ana hayo meno. "Mwikali, kuja usikie huyu mzee. Ati sisi hatukulaaniwa, ni maji." Kumbe hakuna mtu alikuwa amewaambia. Wao ndio wenye hayo meno tangu babu, na habari ilikuwa inapita juu yao kama ndege. Mwikali akaniuliza maswali zaidi ya vile mimi niliuliza kanisani. Nikamwonyesha vile ndoo inapangwa, nikawaambia wamngoje huyo msichana, mwezi ujao anakuja upande wao, nimemwomba mimi mwenyewe. Nikiondoka, Ndinda aliniuliza umezikwa wapi. Nikamwambia Mitaboni, kwetu, chini ya boma. Msamaha hakusema amenipa. Sikumwomba mara ya pili.

Sasa amebaki mama. Nimeogopa mama kuliko Ndinda, nikuambie ukweli. Mtu wa Lukenya akipita sokoni hamsalimii, kwa ajili yako. Amebeba chuki ambayo mimi ndiye nilimpa, na amezeeka nayo. Lakini kesho naenda. Mwende anakuja na mimi, nimemwambia asifunike mdomo mbele ya nyanya yake. Nitamkalisha mama, nitasema, lakini sitaanza na floraidi. Nitaanza na mimi. Akinifukuza nitatoka, nitarudi Jumapili ingine. Akitaka wazee waitwe, nitawaita. Hiyo ndio ahadi yangu, na huyu wa jina lako hatakua akisikia ile hadithi ya uongo juu ya mtu ambaye amempa jina.

Nakuaga sasa, mtoto ameamka. Sijui huko mnajuaje mambo, kama nanyi mnangoja habari iwafikie kama sisi. Kwa hivyo nakuandikia wazi usije ukakaa huko na ile niliyokupa mimi. Hakuna mtu alikukataa, Kyalo. Uwanja ulikuwa umefagiwa, na msichana alikuwa jikoni amevaa rinda jipya, anangoja aitwe.

Kaka yako.