Chupa Katika Kopo la Vifungo

Nyumbani, chumba cha uani
Jumanne, 9 Juni

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu zangu. Hujambo huko? Kile kifua kimetulia, au bado unalala na dirisha wazi? Mimi sijambo, ila magoti yananigomea kwenye ngazi. Baba yako mzima, anagombana na redio kama kawaida.

Nakuandikia kuhusu mdogo wako, fundi cherehani. Mwezi uliopita nilikwenda kibandani kwake na gauni lililokatika kifungo. Alikuwa akimpima mteja, nikajitafutia mwenyewe kwenye kopo lake la vifungo. Humo nikakuta chupa ya vidonge. Nilisoma jina, nikajua ni dawa ya watu wenye virusi vya UKIMWI. Miaka thelathini nimefundisha watoto wasome swali lote kabla ya kujibu, mimi niliishia kwenye jina. Nikamnong'oneza mama yako. Mama yako akamwambia jirani mmoja tu. Unaijua "mmoja tu" ya mama yako.

Kumbe ni dawa ya kinga. Anayeimeza hana virusi. Anameza kila siku ili asiambukizwe. Dawa hizi ni za ukoo mmoja, ndiyo maana chupa zinafanana. Mumewe dereva hukaa safarini miezi miwili mitatu, na mdogo wako hakutaka kubahatisha. Alipimwa, akaanza.

Habari zilipomfikia alikuja kwangu, akanieleza hayo yote. "Shangazi, ungeniuliza tu. Mdomo ninao." Akaiacha chupa mezani, akaondoka.

Wateja wanachukua vitambaa vyao kabla havijakatwa. Nimezunguka nyumba kwa nyumba nikieleza, nimechoka hadi ulimi. Wanawake wananisikiliza vizuri, kisha: "Kama ni mzima, dawa ya nini? Hamwamini mumewe?" Naanza tena upya.

Lakini wateja watarudi. Kinachoninyima raha ni kwamba hajameza kidonge wiki ya tatu sasa, na mumewe anarudi mwisho wa mwezi. Lazima apimwe tena kabla ya kuanza, naye hataki kuonekana kwenye benchi la zahanati. Mimi hanisikii, na ana haki. Mpigie wewe. Usimhubirie, muulize kwanza amekula nini.

Kisha mwambie Alhamisi ya wiki ijayo asubuhi nitakuwa kwenye benchi hilo, mbele kabisa, chupa yake mkononi. Anayetaka kunong'ona aanze na mimi.

Wasalimie mumeo na wale pacha. Mungu awafunike.

Akupendaye, hata akiwa amechoka,
Shangazi